JIMBO NDILO LINALOMPA MBUNGE ULIMI

Kijana wa Kilwa na Lindi uliyeko mjini, nani anakusemea Dodoma?

(Yafuatayo ni maneno ya mada iliyosomwa mbele ya vijana wa Kilwa na Lindi waishio Dar es Salaam. Tunaichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakuwepo.)

Ndugu zangu vijana,

Nimeombwa niseme juu ya wabunge, na najua mada ya wabunge haikosi wateja kijiweni. Huyu atasema mbunge wetu kazi yake kusinzia. Yule atasema wetu ni moto wa kuotea mbali. Wa tatu atasema wote ni walewale, wanafuata ulaji. Leo sikuja kumpamba mtu wala kumkashifu mtu. Nimekuja na swali moja tu: mbunge anaposimama Bungeni, ni nini kinachomfanya aseme anachosema, na ni nini kinachomfanya anyamaze pale anaponyamaza?

Jibu langu ni fupi, halafu nitalieleza kwa urefu. Kinachompa mbunge ulimi ni jimbo lake. Jimbo humwambia aseme nini, humwambia apaze sauti kiasi gani, na mara nyingine humwambia afunge mdomo. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini mbunge wako yuko hivyo alivyo, usianze kuangalia Dodoma. Anza kuangalia nyumbani kwenu. Na ukiangalia nyumbani kwenu, mwishoni utajikuta unajiangalia mwenyewe.

MASWALI YA 1905

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Julai 1905, watu wa Umatumbi, huko Nandete katika nchi ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba ya Serikali ya Wajerumani. Ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Wamatumbi walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu, ujira hauonekani, viboko vinaonekana. Sasa nakuulizeni: wangepeleka wapi malalamiko yao? Bunge la Wajerumani lilikuwepo Berlin, na wabunge wake walibishana sana juu ya makoloni na gharama zake. Lakini hapakuwa na mbunge wa Umatumbi. Hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema, "Nina swali la nyongeza." Wakang'oa pamba. Swali la nyongeza likaulizwa kwa mishale na magobole, na jibu likaja kwa bunduki na njaa iliyoua watu wasiohesabika.

Waingereza nao waliunda Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, na ilipita miaka karibu 20 bila Mwafrika hata mmoja kukaa ndani yake. Wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945, nao walikuwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Pwani ya kusini haikuwa na mtu wake pale.

Nayasema haya ili kijana asidharau kiti cha mbunge. Wapo wanaocheka kwamba mbunge wa siku hizi kazi yake kuombea zahanati na kisima. Wacheke, lakini wakumbuke: ziko zama ambapo hata wa kuombea kisima hakuwepo.

JEMBE NA NYUMBA

Tabia ya mbunge kusimama na kusema "jimboni kwangu" haikuanza na mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Walifanya kampeni jukwaa moja, chini ya macho ya chama. Sera ya taifa hawakuruhusiwa kubishania, maana sera ilikuwa moja, nayo ni ya chama. Sasa mpigakura angewatofautisha kwa lipi? Kwa mambo ya nyumbani: nani anatujua, nani anarudi kijijini, nani ataleta barabara. Na wapigakura hawakufanya mzaha. Mwaka huohuo walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima. Kigogo wa Hazina alinyimwa kura nyumbani kwake.

Hapo ndipo wabunge wetu walipojifunza somo ambalo hawajalisahau mpaka leo: mambo makubwa yana wenyewe, wewe shika mambo ya jimbo. Ilipofika 1995 vyama vikawa vingi, lakini somo lile halikufutika ubaoni.

Wazungu nao wamelibishania jambo hili. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapigakura wake wa Bristol, Uingereza, kwamba wakishamchagua yeye si tarishi wao, bali ni mbunge wa nchi nzima, na ataamua kwa akili yake. Maneno mazuri. Mwaka 1780 jimbo likamponyoka. Wapigakura wa Bristol hawakutofautiana sana na wa Kivinje.

Marekani, mtaalamu mmoja, Richard Fenno, aliwafuata wabunge 18 majimboni mwao, akatoa kitabu mwaka 1978. Aligundua kwamba mbunge akisema "jimbo langu" halioni jimbo moja, anaona duara nne, moja ndani ya nyingine. Duara la nje ni watu wote walio kwenye ramani. Ndani yake, wale anaodhani watampa kura. Ndani zaidi, wale wa kufa na kupona, ambao sisi tungewaita wapambe. Na katikati kabisa, marafiki zake wachache wa karibu. Sasa wewe kijana wa Njinjo au Kipatimu unayeuza mashati Kariakoo, jiulize: uko kwenye duara la ngapi? Tutalirudia swali hili.

MBUNGE ANA SILAHA GANI?

Kabla ya kumhukumu mbunge tuangalie mkoba wake una nini. Katiba ya 1977, Ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Sikilizeni neno lile: kuisimamia. Ibara ya 100 inampa uhuru wa mawazo na majadiliano, asishtakiwe mahakamani kwa alichosema ndani ya Bunge.

Lakini sogea mpaka Ibara ya 99. Pale utakuta kwamba mambo ya kuongeza kodi au kuongeza matumizi ya fedha za Serikali, Bunge haliwezi kuyashughulikia mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Kwa lugha ya kijiweni: mbunge wa Kilwa hawezi kusimama akachomeka kwenye bajeti bilioni moja ya barabara ya Kilwa. Anaweza kuuliza swali la msingi, akauliza la nyongeza, akachangia dakika zake chache kengele ikamkatiza, akashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Shilingi yenyewe ataiachia baadaye, kwa hiari au kwa kushindwa kura.

Ndiyo maana mnasikia kila siku, "Mheshimiwa Spika, naomba Waziri aikumbuke barabara yangu." Mbunge aliyeandikwa kwenye Katiba kuwa msimamizi amegeuka mwombaji. Na mwombaji ana adabu zake: hamtukani mwenye kitu. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wenye kitu hulambwa kweli kweli. Kumbukeni pia kauli ya majukwaani tunayoijua sote: mkichagua upinzani hampati maendeleo. Kauli ile haimtishi mpigakura peke yake. Inamwambia na mbunge: ukitaka kisima, punguza sauti.

PWANI YETU KATIKA MEZA YA BUNGE

Tuje nyumbani. Mkoa wa Lindi katika chaguzi za 2015 na 2020 ulikuwa na majimbo manane: Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga, Lindi Mjini, Mtama, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Manane, katika Bunge lenye watu zaidi ya 380. Mwaka 2015 manne kati ya hayo yalikwenda upinzani: Kilwa mbili, Mchinga na Liwale. Mwaka 2020 yote manane yakaenda chama tawala. Sasa tuone jimbo lilivyowasukuma wabunge wake, hatua kwa hatua.

Kwanza, barabara. Wazee wenu watawaambia safari ya Lindi wakati wa masika ilivyokuwa: kivuko cha Rufiji, halafu matope, basi linalala njiani siku kadhaa na abiria wanageuka kuwa wasukumaji. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilometa kama 60 tu, kikaendelea kutesa watu miaka mingine mingi. Katika jambo hili mbunge wa kusini hakuwa na chama. Wa kijani alisema barabara, wa upinzani alisema barabara, waziri naye alipokwenda kwao alisukuma gari. Hapo jimbo lilimpa kila mbunge ulimi mmoja, na kwa kuwa ndimi zilikuwa nyingi na wimbo mmoja, lami ikafika. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ileile maeneo ya Somanga, kusini nzima ilikatika na nchi. Hapo kila mtu aliona kwamba barabara ya Kilwa si ya Kilwa peke yake. Mbunge mwenye akili hupata njia ya kulifanya tatizo la jimbo lake liwe tatizo la wengine.

Pili, gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Maana yake taa inayowaka hapa tulipokaa huenda inawashwa na kisiwa cha Kilwa. Swali la mbunge wa Kilwa likawa jepesi na zito: sisi tunabaki na nini? Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mapato ya kampuni. Hilo angalau ni haki iliyoandikwa, si fadhila. Mei 2013, siku bajeti ya nishati inasomwa Dodoma, Mtwara ikawaka moto juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu wakafa. Bomba likakamilika mwaka 2015, likapita Lindi, likapita Kilwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye kiini. Julai 2015 miswada ya mafuta na gesi, ukiwemo wa kusimamia mapato yake, ililetwa Bungeni kwa hati ya dharura. Wabunge wengi wa upinzani waliopinga haraka ile walitolewa na Spika, miswada ikapita wakiwa nje ya ukumbi, na wa chama tawala wakaitikia ndiyo. Miaka yote ya maswali ya "tunabaki na nini?", na siku jibu linaandikwa katika sheria, kitabu kikafungwa kwa siku chache! Jimbo lilikuwa limempa mbunge ulimi wa kuulizia gesi. Halikumpa mkono wa kuandika sheria ya gesi, wala halikumuuliza baadaye ulikuwa wapi.

Tatu, korosho. Kila kilo ya korosho ghafi iliyosafirishwa nje ilikatwa ushuru, na asilimia 65 ya ushuru ule ilitakiwa irudi kwenye zao: salfa, miche, utafiti. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ikabadilisha utaratibu, fedha zote ziende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walichachamaa, wa upinzani na wa chama tawala pia. Huwezi kurudi Mtama au Mchinga ukamwambia mkulima kwamba ulipigia makofi salfa yake ikichukuliwa. Walisema, wakagomba, wakatahadharisha. Sheria ikapita vilevile. Msimu uliofuata wakulima walikataa bei za wanunuzi, na Novemba 2018 Serikali ikaamuru jeshi likabebe korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Somo? Jimbo linaweza kumpa mbunge ujasiri wa kukisemea kinyume chama chake mwenyewe. Lakini majimbo ya mikoa miwili mitatu yenye korosho hayatoshi kushinda kura Bungeni kama hayakutafuta washirika. Mbunge wa korosho alipaswa kuwa amekaa na mbunge wa pamba, wa kahawa na wa tumbaku kabla ya siku ya kura, akawaambia: leo kwangu, kesho kwako. Mbunge anayesema "jimboni kwangu" mwaka mzima hana wa kumwambia "jimboni kwenu" siku ya shida.

Nne, ng'ombe. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Ihefu kule Mbarali, na wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini, Lindi ikiwamo. Makundi yakaingia Kilwa na Liwale, kwenye vijiji ambavyo mtu hakuwahi kujenga zizi. Migogoro ikaanza: ng'ombe kwenye ufuta, mkuki kwenye ng'ombe, watu wakaumizana. Mbunge wa Kilwa akisimama anasema ondoeni mifugo. Mbunge wa jimbo la wafugaji akisimama anasema mnawanyanyasa watu wangu, na wao ni Watanzania. Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja anafanya kazi aliyotumwa na kwao. Lakini Bunge la matarishi watupu haliwezi kumaliza ugomvi huu, maana kila tarishi ana barua yake. Anatakiwa mtu wa kusema: ardhi ipimwe namna gani, nani anaamua mifugo iende wapi, kijiji kina sauti gani. Hilo ni la taifa, na ndilo linaloponya jimbo.

MTU YULEYULE, KITI KINGINE

Kuna jambo jingine linalobadilisha ulimi, nalo ni kiti. Bernard Membe alikuwa mbunge wa Mtama kuanzia 2000 hadi 2015, na kuanzia 2007 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kassim Majaliwa aliingia Ruangwa mwaka 2010, akawa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi 2025. Waziri hasimami kumuuliza Waziri mwenzake swali. Jimbo la mkubwa huenda likapata mambo yake kwa njia ya korido, lakini ukifungua Hansadi huoni jimbo lile likilalamika. Limepata mkono, limepoteza mdomo.

Chukueni Nape Nnauye, aliyeingia Mtama mwaka 2015. Januari 2016, akiwa Waziri wa Habari, ndiye aliyelitangazia Bunge kwamba televisheni ya taifa itaacha kuonyesha vikao moja kwa moja siku nzima. Machi 2017 akaondolewa uwaziri. Mwaka 2018 yumo miongoni mwa wabunge wa kusini wanaopigania korosho. Mtu ni yuleyule, jimbo ni lilelile, wapigakura ni walewale. Kilichobadilika ni benchi alilokalia. Na angalieni pia madhara ya uamuzi ule wa 2016: mkulima wa Mtama asingeweza tena kukaa mbele ya televisheni ya taifa akamtazama mbunge wake papo kwa papo akimgombea korosho.

Nataka nimtaje na mwingine, ili msidhani jimbo ni kamba ya shingoni tu. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, na akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na jimbo kuingia Bungeni. Zama zile ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mbunge wa pwani ya kusini akawa sauti ya watu wa mbali na kwao. Kabla yake Al-Shaymaa Kwegyir aliingia mwaka 2008 kwa uteuzi wa Rais, naye alisema. Lakini mteule anaitwa na mkubwa. Barwany aliitwa na mji. Wapigakura wa Lindi walituonyesha kwamba jimbo linaweza kumtuma mtu aseme zaidi ya jimbo.

MACHINGA NA MCHINGA

Sasa turudi kwenye swali la duara. Neno "machinga", wengi husema chimbuko lake ni Mchinga, pwani ya Lindi. Husemwa kwamba vijana wa kwenu walikuja mjini na bidhaa mkononi mpaka jina la kwao likawa jina la kazi, nchi nzima. Jimbo la Mchinga lipo kwenye ramani ya Tume ya Uchaguzi. Jimbo la machinga halipo.

Desemba 2018 mlipewa vitambulisho vya shilingi 20,000. Oktoba 2021 mkaondolewa barabarani. Hapo nani alikuwa mbunge wako? Mbunge wa kwenu ana hofu ya mwenye shamba la ufuta, maana yeye ndiye anayepanga foleni kituoni. Mbunge wa mjini ana hofu ya mwenye duka unayemzibia mlango, maana yule amejiandikisha pale. Wewe umejiandikisha Kivinje, unalala Tandika, unafanya kazi Kariakoo, na siku ya kura nauli huna. Kwa mbunge wa kwenu wewe ni mtu wa kwenye ramani tu, duara la nje kabisa. Kwa mbunge wa mjini hata kwenye ramani haumo.

Msimlaumu sana. Mbunge ni binadamu, humsikia anayeweza kumwondoa. Kule ambako chama kimoja hushinda siku zote, anayeweza kumwondoa ni mjumbe wa kura za maoni, basi na sauti yake itawafuata wajumbe. Aliyepewa kiti na chama, kama wa viti maalum, atakitazama chama. Na tangu mwaka 2009, kulipotungwa sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha zile jimboni. Bati na saruji sasa zina jina lake. Kenya walianza mchezo huo mwaka 2003, na mwaka 2015 Mahakama Kuu yao ikasema sheria ya mfuko wao inakwenda kinyume cha Katiba. Sisi tujiulize: mgawa saruji na msimamizi wa saruji wakiwa mtu mmoja, nani atauliza swali la nyongeza?

TUFANYE NINI?

Sitawaacha na manung'uniko. Yako mambo manne, na hayahitaji mtaji.

La kwanza, jiandikishe pale unapolala. Tume inapopita kuboresha daftari, hamisha taarifa zako. Kura iliyoko Kivinje na mwenyewe uko Tandika ni noti iliyoshonwa kwenye godoro la nyumba nyingine. Kama umeamua kubaki mpigakura wa kwenu, basi panga nauli yako mapema, na mbunge ajue kwamba mnakuja basi zima.

La pili, soma Hansadi. Maneno yote ya Bunge huandikwa, na Bunge huyaweka kwenye tovuti yake. Kijana mwenye simu ya kuangalia mpira anaweza kuangalia na mbunge wake. Chukueni kikao kimoja cha bajeti, gawaneni siku, kisha hesabuni: aliuliza maswali mangapi? Mangapi ya kuomba, mangapi ya kuhoji? Kwenye sheria kubwa alisema nini? Siku chama na jimbo vilipogombana alisimama upande gani? Mkimaliza mtakuwa na ukurasa mmoja wenye nguvu kuliko porojo za mwaka mzima.

La tatu, mkabidhini ukurasa ule mkononi. Wabunge wetu wanapita mjini hapa kila mara, na kwenye misiba na harusi za watu wa kwetu huwakosi. Msimwombe nauli wala jezi. Ukimwomba jezi umemlipa deni lake lote kwa shilingi elfu kumi, na Bungeni hana tena analodaiwa. Muulize: "Mheshimiwa, ile sheria ilipopita ulikuwa wapi?"

La nne, tudai vilivyoandikwa. Zahanati ya fadhila hujengwa mwaka wa uchaguzi na hukosa dawa mwaka unaofuata. Asilimia iliyoandikwa kwenye sheria hulipwa hata mbunge akilala. Kwa hiyo mbunge wa pwani yetu tumtume aombe kidogo na aandike sana: fungu la gesi kwa halmashauri, fungu la ushuru kwa zao, haki ya kijiji juu ya ardhi yake. Na ili ashinde kura, tumruhusu pia aseme ya wenzetu wa pamba na wa kahawa bila sisi kumzomea kwamba ametusahau. Hapo ndipo nasi tunapokosea. Mbunge akizungumzia Katiba tunasema anajifanya msomi, akizungumzia kisima tunasema huyo ndiye. Halafu tunashangaa kwa nini kila sheria inatupita kichwani.

Ndugu zangu, Wamatumbi wa 1905 hawakuwa na mtu wa kumtuma. Sisi tunaye, tunamlipa, na jina lake tunalijua. Kama haulizi, tumuulize sisi. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na asiyeulizwa hana amwogopaye.